Stabilaiza nene ya nyuma: nianzie tundu lipi, na kwa nini kona za kushoto haziko sawa na za kulia?

Swali: Papa fundi, jambo. Niko Lubumbashi, natumia Subaru Forester ya 2005, na kazi inanipeleka Likasi mara kwa mara. Gari lilikuwa linalala sana kwenye kona, basi nikaagiza stabilaiza ya nyuma (nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale) yenye unene wa milimita 22, ina matundu 3 ya kufungia linki kila mkono. Ile ya kiwandani nimeipima, ni milimita 18. Fundi mmoja huku Katuba aliifunga gari likiwa limeinuliwa upande mmoja tu. Linki ya pili (kifimbo kinachounganisha mkono wa stabilaiza na upande wa gurudumu) haikufika kwenye tundu, akaivuta kwa mtarimbo mpaka bolti ikaingia. Tangu hapo kona za kushoto na za kulia haziko sawa, na nikipita kwenye matuta nyuma panagonga. Nianzie tundu lipi? Na nifunge nene ya mbele pia?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na huo mtarimbo. Linki ya pili inatakiwa kuingia kwa mkono. Ikibidi kuvutwa, maana yake stabilaiza inafungwa ikiwa tayari imejipinda, na gari likisimama hata mahali tambarare nondo hiyo inakandamiza gurudumu moja la nyuma na kuinua jingine. Uzito unahama kwa mshazari: gurudumu moja la nyuma na lile la mbele la upande wa pili yanabeba zaidi ya sehemu yao. Ukikata kona upande mmoja, nondo imeshaanza kazi kabla yako. Upande wa pili inabidi kwanza ijinyooshe. Hiyo ndiyo tofauti unayoisikia kwenye usukani. Tundu lolote utakalochagua halitaiondoa, kwa hiyo usirekebishe kitu kingine kabla ya kuifungua na kuifunga upya.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka utaratibu. Magurudumu yote mawili ya nyuma yawe katika hali moja: ama yote yananing'inia gari likiwa juu ya stendi 2, ama yote yako chini gari likiwa juu ya shimo la garaji. Stendi zikae juu ya zege au mbao pana, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa unazama bila kukuarifu. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, na kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Nati ya linki mara nyingi huzunguka pamoja na msumari wake. Shika msumari kwa alenki, nati uizungushe kwa spana, na nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu muda mrefu kabla ya kuanza. Halafu angalia bushi, yaani raba zinazoishika nondo. Hapa ndipo nashuku kuwa ile sauti ya kugonga inatokea. Bushi ya nondo ya milimita 18 haiwezi kuishika ya milimita 22. Fundi akizirudisha zile za zamani, kibano (chuma kinachoibana bushi kwenye gari) hakikai sawasawa na bolti zake zitalegea. Tumia bushi zilizokuja na stabilaiza mpya. Kama ni za poliuritani, zipake grisi ya silikoni kwa ndani, la sivyo zitalia kwa kila shimo, hasa vumbi la kiangazi likishaingia. Grisi ya kawaida ya petroli isiguse bushi ya raba, huila polepole.

Funga vibano viwili bila kukaza. Pima umbali kutoka kila mwisho wa nondo hadi kwenye chasisi ili ikae katikati, kaza vibano, kisha zungusha nondo kwa mkono: iende juu na chini bila kukwama. Unganisha linki ya kwanza. Ya pili iache iwe ya mwisho, mtu mwenye uzito kama wako akiwa ameketi kiti cha dereva na magurudumu yamekanyaga chini. Kama linki zako zinarekebishika urefu, huu ndio wakati wake: ongeza au punguza mpaka bolti iteleze yenyewe ndani ya tundu. Kama ni za kiwandani na bado hazikutani, kagua ikiwa moja imepinda, au springi ya upande mmoja imechoka na gari limeinama. Nguvu ya kukaza ichukuliwe kwenye kitabu cha gari. Makisio ya mkono huvunja misumari ya linki.

Kabla ya kuliendesha gari tazama nondo inapita wapi. Kwa kuwa ni nene zaidi, imekaribia bomba la moshi, mipira ya breki na draivu shafti. Angalia magurudumu yakiwa yananing'inia, kisha angalia tena gari likiwa limepakiwa, maana kitu kinachopita salama gari likiwa tupu huweza kugusa likibeba watu 5. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena bolti zote.

Sasa tundu. Ugumu wa nondo hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 18 hadi 22 macho huona tofauti ndogo, lakini ukipiga hesabu ugumu umeongezeka karibu mara 2.2, ikiwa nondo zote mbili hazina uwazi ndani na urefu wa mikono ni uleule. Matundu nayo hubadilisha urefu wa mkono: tundu la mwisho kabisa hufanya mkono mrefu na nondo laini, la ndani hufanya mkono mfupi na nondo ngumu. Mkono ukipungua kutoka milimita 260 hadi 220, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 40 nyingine. Kwa hiyo hata tundu laini kabisa tayari ni badiliko kubwa kwa gari lako. Anza hapo, pande zote mbili.

Watu wengi hudhani stabilaiza inaongeza mshiko. Kwenye kona, jumla ya uzito unaohamia magurudumu ya nje hutegemea uzito wa gari uko juu kiasi gani, upana wa gari na ukali wa kona. Stabilaiza inaamua tu sehemu gani ibebwe na mbele na sehemu gani ibebwe na nyuma. Ukikaza nyuma, matairi ya nyuma yanachukua sehemu kubwa zaidi ya uhamaji huo na yanapoteza mshiko mapema kidogo, huku ya mbele yakipata nafuu. Forester ni nzito mbele na hutoka kiwandani na tabia ya pua kukataa kuingia kona, ndiyo maana stabilaiza ya nyuma inalifaa. Ukizidisha, mkia utatoka, na utatoka wakati mbaya kuliko yote: umeachia mafuta ghafla katikati ya kona kwa sababu lori limejitokeza mbele, na lami imelowa kwa mvua za kwanza za Novemba juu ya vumbi la miezi.

Kuna jambo jingine la barabara zetu. Magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, stabilaiza haifanyi chochote. Gurudumu moja likiingia shimoni, nondo inalivuta na la pili, na gari linatikisa vichwa vya abiria kushoto na kulia. Kadiri ilivyo ngumu ndivyo inavyotikisa. Mtu anayekwenda Likasi kwenye lami, kilomita kama 120, anaweza kuivumilia nondo ngumu. Lakini wewe unarudi Katuba jioni, kwenye njia za udongo zenye mashimo, na huko gurudumu lazima liwe huru kushuka peke yake. Ningekaa kwenye tundu laini hata kama la katikati linapendeza zaidi kwenye lami.

Kujaribu, tafuta uwanja mpana wa zege usio na watu. Upepo wa matairi uwe sawa na upimwe yakiwa baridi. Zunguka duara la upana wa mita 30 hivi, anza kwa kilomita 15 kwa saa, ongeza polepole, kulia kisha kushoto. Pua ikianza kuteleza nje kwanza, na kwa namna moja pande zote mbili, uko salama. Mkia ukitangulia, rudi nyuma hatua moja. Badilisha kitu kimoja tu kila mara.

Ya mbele iache ya kiwandani. Ukifunga nene huko utarudisha pua ileile iliyokuwa inakataa kona, na pesa zako zitakuwa zimenunua mtikisiko. Kama gari bado linalala, kagua amotisa (shokomzoba), linki na bushi za mbele. Kwa gari la 2005 lililotembea barabara hizi, ningeshangaa zote zikiwa nzima. Na kama huwa unapandisha magunia ya makaa juu ya paa ukitoka Likasi, yashushe ndani: uzito wa juu ndio unaolaza gari, na stabilaiza haiinui gari lililozama kwa mzigo, hiyo ni kazi ya springi.