Kwa nini levodopa na si dopamini yenyewe

Dada, mfamasia wenu wa Ngara hakukosea kusema mzee asimeze levodopa, dawa yake ya Parkinson, pamoja na nyama. Umeuliza kwa nini mzee wenu mwenye ugonjwa huo wa kutetemeka asipewe dopamini yenyewe, kemikali ya ubongo inayompungukia, na nyama imekosa nini kwenye levodopa. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo si kama za kwingineko mwilini: seli zake zimebanana kweli kweli, na dawa nyingi hugonga tu hapo. Dopamini haipiti. Levodopa hupita kwa kuwa ni asidi amino, jamii ya vijenzi vya protini, hivyo hudandia kibebeo kilekile cha asidi amino za chakula, kisha hugeuzwa dopamini humo ndani. Sasa mzee akiimeza juu ya sahani ya nyama choma, asidi amino za nyama nazo zinagombania gari hilohilo, kama abiria wa saa kumi na mbili jioni pale kituo cha matatu cha Odeon, Nairobi. Kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula. Ikimtibua tumbo, mwambieni daktari. Ile kabidopa, dawa saidizi iliyochanganywa kwenye kidonge cha levodopa, haivuki ukuta huo, na ndiyo faida yake: huzuia levodopa isigeuzwe njiani kabla ya kufika ubongoni.