Jibu: Viazi vya kaskazini kuuzwa kusini mwa Kupro

Mkuu, umeuliza kama viazi vya kaskazini mwa Kupro, upande wa Wakupro wa Kituruki, vinaweza kuuzwa kusini, upande wa Wakupro wa Kigiriki. Vinaweza, ila usipakie lori kwanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 866/2004, inayosimamia bidhaa zinazovuka mstari unaogawa kisiwa, inadai hati kutoka Chemba ya Biashara ya Wakupro wa Kituruki, na wataalamu huru wa mimea wakague shamba tangu zao likiwa bado halijavunwa. Wengi hukwama kwenye mbegu: viazi lazima vizaliwe moja kwa moja na mbegu iliyothibitishwa. Ukipanda ulizobakiza msimu uliopita, umeharibu. Faida ipo kwenye sarafu: vibarua unawalipa kwa lira ya Kituruki, mauzo unapokea kwa yuro. Nyama na maziwa? Huko ni kugumu zaidi. Abiria wa kawaida anayevuka kwenda kusini na mzigo wake binafsi, mwisho bidhaa za yuro 260, sigara zisizidi 40.