Osha Msumeno Kabla ya Kuunoa

Shikamoo fundi. Nina msumeno wa umeme wa duara nyumbani, bledi yake ya inchi 7 na robo ina meno 40. Nimechana mbao nyingi za paini, sasa inaunguza mbao na kutoa moshi. Nimeambiwa bledi imekwisha, ninunue nyingine. Ni kweli? (Chuno, Mtwara)

Marahaba. Usinunue kwanza. Fungua bledi uitazame ubavuni mwa meno. Kama kuna ukoko wa kahawia unaong'aa kama sukari guru iliyokauka, hiyo ni gundi ya paini. Zile mbao tunazoletewa kutoka Mufindi zina utomvu mwingi, na bledi ikipata moto utomvu unayeyuka, unashika kwenye jino, halafu unaganda. Jino limetengenezwa pana kuliko bamba la bledi ili bamba lipite bila kugusa mbao. Gundi ikijaa, ile nafasi inaziba, bledi inasugua badala ya kukata, na moshi unatokea hapo.

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Piga picha kwa simu uone meno yanaelekea wapi, ndipo ufungue. Mimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni pana, tia sabuni ya unga na vijiko viwili vya magadi soda, laza bledi humo kwa dakika 15 hadi 20. Kisha chukua mswaki uliochakaa usugue jino moja baada ya jingine, mbele, nyuma na ubavuni. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Palipogoma, rudisha kwenye beseni. Usikwangue kwa patasi wala bisibisi: ncha za kabaidi zilizochomelewa kwenye meno ni ngumu sana, lakini zinamegeka kama kigae. Suuza, futa kwa kitambaa kikavu, anika juani mpaka ikauke kabisa, pitisha mafuta mepesi kidogo.

Sasa ndipo uulize kama imekwisha. Shika bledi kwenye mwanga mkali utazame ncha ya jino. Ncha kali haionekani. Ukiona kimstari kinachong'aa pale kwenye makali, ujue jino limeviringika, linataka kunolewa. Na jambo moja zaidi: meno 40 yanafaa kukata mkingamo. Kwa kuchana mbao kwa urefu tafuta bledi ya meno 24, mabonde yake, yaani nafasi kati ya meno, ni makubwa na unga unatoka haraka.

Nilipokuwa najifunza kazi Mikindani nilimrudishia mwalimu wangu msumeno wa mkono nikamwambia ni butu. Hakujibu. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaufuta pande zote mbili, akanipa. Ulikata ubao kama mpya. Tangu siku hiyo sigusi tupa kabla ya kitambaa.

Fundi, babu ameniachia msumeno wa mkono mzuri, lakini umeshika kutu wote. Tunakaa karibu na bahari. Nifanyeje, na nitauzuiaje usirudie? (Mikindani)

Pole kwa msiba, na hongera kwa kutoutupa. Misumeno ya zamani ina chuma kizuri.

Laza msumeno juu ya ubao mnyoofu. Mwagia mafuta ya taa kidogo, uache robo saa, kisha sugua kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa. Sugua kwa urefu wa bamba, kutoka mpini hadi ncha, wala si kwa duara. Meno uyakwepe, msasa unayala makali. Fanya hayo nje, mbali na jiko na sigara. Kwenye madoa sugu watu hutumia ndimu au siki, na vinasaidia, ila usiache kwa muda mrefu: osha kwa maji ya sabuni, kausha hapo hapo, la sivyo kutu mpya inaanza kabla ya jioni. Vishimo vyeusi vitakavyobaki kwenye bamba havina neno. Vikiwa kwenye ncha za meno, itabidi upige tupa mpaka viishe.

Kuzuia ndiyo kazi ya kila siku. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Jasho la mikono nalo lina chumvi. Unga wa mbao ulioachwa kwenye meno unashika unyevu kama sifongo. Kwa hiyo ukimaliza kazi futa, paka mafuta ya cherehani, tundika msumarini. Usiuegemeze kwenye ukuta wa tofali wala kuulaza sakafuni kwenye saruji. Ukikosa mafuta ya cherehani, mafuta ya nazi yanafaa kwa muda. Ya alizeti usiyapake, yakikauka yananata na kukurudisha kwenye gundi ile ile.

Oili chafu ya pikipiki je, nipake? (Masasi)

Hapana. Inatia doa jeusi kwenye mbao, na ukija kupaka vanishi pale haishiki.

Nimenunua msumeno mpya wa mkono. Umekuwa butu, nikipiga tupa inateleza tu, meno hayaliki. Tupa ni mbovu? (Lindi mjini)

Tazama ncha za meno. Kama zina rangi ya bluu nyeusi tofauti na bamba, zimepitishwa moto kiwandani zikawa ngumu kama tupa yenyewe. Msumeno huo haunolewi. Utumie kwa mbao zenye mchanga na zilizobomolewa.

Unaonoleka ubane katikati ya mbao mbili, meno yachungulie kidogo tu. Tumia tupa ya pembe tatu. Sukuma mbele, inua, rudi. Usivute nyuma juu ya jino. Piga jino moja ruka moja, mara mbili au tatu kila jino na kwa idadi ile ile, kisha geuza upande. Msumeno wa kuchana unapigwa tupa ikikingama bamba bila kulala. Wa kukata mkingamo unalazwa tupa kidogo ili jino litoke na ncha kama kisu.

Nakata mpingo na mkongo, na mara nyingine mbao za majahazi ya zamani. Bledi hazidumu. (Kilwa)

Mpingo ni mzito hata unazama majini, usitegemee bledi idumu kama kwenye paini. Usisukume kwa nguvu, iache bledi ijikatie yenyewe, na ioshe mapema zaidi. Mbao za majahazi pitishia sumaku kwanza. Msumari mmoja uliojificha unamaliza meno. Safisha mchanga kwa brashi ya waya kabla ya kukata. Na funika pua: unga wa mpingo unawasha ngozi, wa mkongo unakupigisha chafya siku nzima.

Bledi yangu imeng'oka jino moja, na naona ufa mdogo bondeni. Meno mengine bado makali. Niendelee? (Newala)

Dada yangu, usiiwashe tena, hata kwa ubao mmoja. Ufa hauonekani ukikua, na bledi ikipasuka ikizunguka vipande vinaruka usawa wa kifua na uso. Haiokolewi kwa kuchomelea. Ichore alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu pande zote mbili kabla ya kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu, mtu asije akaifunga kwenye mashine yake.