Fulana ya kuzamia ya kilo 2, inatosha?

SWALI: Habari zenu wahariri. Nazamia kwa mtungi mwaka wa pili sasa na nimechoka kuazima fulana za kuelea (zile za kujaza hewa zinazoshika mtungi mgongoni) kila nikisafiri, leo inabana kesho inapwaya. Nataka yangu mwenyewe ila begi langu mwisho kilo 20 na humo mna regaleta (kifaa cha kupumulia) na mapezi. Nimeona ya kilo 4 na nyingine ya kilo 2 ambayo hewa inajaa mgongoni tu. Nikichukua ya kilo 2 si ndo nimemaliza? – Mbeba Begi

JIBU: Bado hujamaliza ndugu yangu, jiulize kwanza hizo kilo 2 zilizopungua wamezitoa wapi. Ubao mgumu wa mgongoni wameutoa, kitambaa ni chembamba, pete za chuma zimekuwa za plastiki, sponji wamepunguza, na mfuko wa hewa wenyewe mara nyingi ni mdogo. Hayo mengine yanavumilika, huo mfuko wa hewa ndo usiupite juu juu.

Tafuta kwenye lebo nguvu ya kuinua, imeandikwa kwa kilo au kwa niutoni (niutoni 10 ni kama kilo 1). Za safari nyingi zinacheza kati ya kilo 10 na 15. Sasa mtungi wa lita 12 ukijaa, hewa peke yake ni karibu kilo 3, unashuka nayo hiyo, halafu na suti ya mpira inaminywa na maji, ukifika mita 30 presha ni mara 4 ya huku juu na suti imenywea haikusaidii kuelea kama mwanzo, kwa hiyo yote hayo inabebeshwa fulana. Kwa suti ya milimita 3 kwenye maji ya vuguvugu hupati shida. Ukizamia maji baridi na suti ya milimita 7 na kofia juu, hizi fulana ndogo achana nazo.

Halafu sponji. Sponji inaelea! Fulana nono ukiitoa hewa yote bado inabaki juu kama kifuu, na ili ushuke lazima uongeze risasi kiunoni (ile madini, sio ya bunduki). Kwa hiyo nyepesi inakupunguzia mzigo mara mbili, hili watu huwa hawalipigi hesabu.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na mkanda mmoja tu wa kushika mtungi na mgongo laini. Niliukaza ukiwa mkavu, kumbe mkanda ukilowa unalegea, tuko chini nasikia kitu kinanigonga makalioni, mtungi umeshateremka na mwenzangu anaupandisha huku anacheka mapovu matupu. Siku hizi naulowesha kwanza ndo nakaza, na ningekushauri utafute yenye mikanda miwili.

Kuhusu hewa kujaa mgongoni, chini ya maji ni raha, unalala sawa bila kubanwa mbavu. Ukitoka juu ndo inakusukuma uso mbele kidogo, usiijaze mpaka ipasuke, egemea nyuma kama uko kwenye kiti.

Kabla hujalipa ivae juu ya suti, sio juu ya shati, uone kama mkono unafika kwenye kamba za kutolea hewa bila kupapasa. Ijaze mpaka valvu ianze kutema yenyewe, uiache masaa kadhaa, ikinywea irudishe.

Na siku ya kufunga begi usije ukanilaumu mimi. Mimina maji yasiyo na chumvi ndani, tikisa, igeuze kichwa chini, toa yote kwenye kona ya bomba la kupulizia. Ya kwangu nilidhani imekauka kabisa, nikaiminya yakatoka bilauri mbili za maji ya chumvi, hiyo ni nusu kilo nilikuwa naipandisha ndege bure.