Risiti ya Kodi Si Hati ya Shamba

Wiki hii barua karibu zote ni za kodi ya mkoloni. Nimechukua chache. Wale mnaoniuliza hazina ya Mjerumani imefukiwa wapi, na rupia zake zinauzwa bei gani, mniache. Sijui, na anayekwambia anajua anataka pesa yako.

Mwalimu, shikamoo. Bibi yetu amefariki, na kwenye kasha lake tumekuta risiti za kodi za babu, za miaka ya thelathini. Jirani ametuingilia mpaka hatua kama 20. Je, risiti hizi zinathibitisha kwamba shamba ni letu? (Msomaji, Lindi)

Marahaba, na poleni kwa msiba. Hapana, hazithibitishi. Kodi ile ilihesabu nyumba, mapaa yake, si shamba. Risiti inasema babu yenu alikuwa na nyumba na kwamba mwaka ule aliilipia. Kuhusu ardhi iliyo chini ya ile nyumba haisemi kitu.

Tena msidhani karani alisahau. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya 26 Novemba 1895 ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola, na kuthibitisha kwamba ina mwenyewe ukaachiwa wewe, kwa ushahidi utakaokubaliwa na dola hiyohiyo. Alipokuja Mwingereza, sheria yake ya 1923 ikaiita ardhi ya umma na kuiweka mkononi mwa gavana. Mkulima anayekalia shamba kwa mila na desturi hakutajwa sawasawa mpaka sheria hiyo iliporekebishwa 1928. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema hata mkinichoka, kwamba kuhesabu mapaa kuliwafaa wakoloni. Wangemtoza babu yenu kodi ya shamba, ingebidi kwanza wakiri kwamba shamba ni lake.

Risiti msizitupe. Kama zimeandikwa jina la kijiji au la jumbe, yaani mkuu wa kijiji, zinaonyesha ukoo wenu ulikuwepo pale. Ziwekeni pamoja na vitu vinavyosema zaidi: makaburi, miembe na minazi aliyoipanda mzee, na majirani wanaokumbuka mpaka ulipita wapi. Nendeni nazo baraza la ardhi la kijiji, na shauri likiisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Na akitokea mtu wa kuwaambia risiti hizo zinalipwa fidia Berlin au London, ila kwanza mchange pesa ya kufungulia faili, mfukuzeni kabla hajanywa chai.

Kodi ya nyumba na kodi ya kichwa si kitu kimoja? (Msomaji, Dodoma)

Si kimoja. Ya nyumba ilihesabu mapaa, ya kichwa ikahesabu wanaume. Nimelijibu hili mara tatu mwaka huu. Mara ya nne nitatoza.

Mwanangu aliandika kwenye mtihani kwamba Vita vya Maji Maji vilisababishwa na kodi. Kakosa. Kweli kakosa? (Mzazi, Songea)

Kama aliandika hivyo tu, kapata nusu. Kodi ya Mjerumani ilitangazwa 1897 na kuanza kukusanywa 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni uliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Mwaka 1905 Gavana Götzen akakaza kamba: fedha taslimu, na asiye nayo akafanye kazi.

Lakini kule Nandete, Umatumbi, Julai 1905, watu hawakuanza kwa kuchoma vitabu vya kodi. Waling'oa pamba. Tangu 1902 serikali ilikuwa imeamuru mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe na lake, akida, yule ofisa wa serikali aliye juu ya majumbe, akisimamia, na mjeledi wa kiboko ukingoja. Hamsa ishirini, wazee walikuwa wakisema, yaani viboko 25.

Sasa mweleze mwanao pamba ni zao la namna gani, maana vitabu vyao haviwaambii. Inataka palizi wakati uleule mpunga wako unataka palizi. Ikipasuka huichumi siku moja ukamaliza. Unarudi, unarudi tena. Uko shamba la jumbe tangu alfajiri, na lako linaota magugu, na ngedere na nguruwe hawana akida wa kuwazuia. Mwisho wa msimu malipo ni kiduchu, na karani wa kodi yuko palepale anakungoja. Kodi na pamba vilikuwa ncha mbili za kamba moja, na aliyefungwa ni mtu yuleyule. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu maji ya dawa, hakuhitaji kumfundisha yeyote kwamba ana dhiki. Maji yake yaliwapa Wamatumbi, Wangindo na Wangoni sababu ya kusimama pamoja.

Na kilichoua wengi ni njaa zaidi ya risasi, kwa sababu askari walichoma mashamba na maghala. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifika 250,000 hadi 300,000. Hilo la njaa, kama mwanao hakuliandika, mwalimu wake alikuwa na haki ya kumkata alama.

Nasikia India Waingereza walitoza kodi ya ardhi yenyewe. Mbona sisi tulitozwa vibanda? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu kule walikuta ardhi imeshahesabiwa kodi tangu enzi za Wamogoli, watawala wa India kabla yao. Waingereza wakakalia kiti tu. Mwaka 1793 Lord Cornwallis, gavana mkuu wao kule, aliwapa mazamindari wa Bengal, wakubwa waliokusanya kodi, ardhi kama mali yao, kwa sharti la kulipa kiasi kisichobadilika milele. Zamindari asiyelipa kabla jua halijazama siku ya mwisho, ardhi yake ilipigwa mnada. Naye mzigo aliushusha kwa mkulima, ambaye kodi yake haikuwekewa kikomo. Madras walimtoza mkulima moja kwa moja, lakini kwa fedha, mvua inyeshe isinyeshe, na mkopeshaji akawa ndiye mwenye shamba.

Huku kwetu watu walihama na mashamba. Leo unalima hapa, baada ya misimu kadhaa unaliacha lipumzike. Nani atapima? Paa halikimbii. Basi watu wakajifunza kubanana, wake wawili na watoto wote chini ya paa moja, kwa sababu mwenye nyumba tatu alilipa mara tatu. Kitu cha Bengal kilifika kwa jirani, Uganda: Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwagawia wakubwa ardhi ya mailo, yaani iliyopimwa kwa maili za mraba, na wakulima wakajikuta wapangaji wanaodaiwa busuulu (kodi ya pango la ardhi) na nvujjo (ushuru wa mazao) hadi sheria ya 1928 ilipoweka kikomo.

Babu yangu alitoka Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga na akafia huko. Kwa nini aliacha shamba zuri? Alikuwa anatafuta maisha? (Msomaji, Kasulu)

Alikuwa anatafuta kodi. Shamba zuri Kigoma lilimpa chakula, lakini karani hapokei mihogo, na wanunuzi na reli havikuwa karibu na kila kijiji. Kitu pekee alichoweza kuuza ni mikono yake, mbali na kwao. Kule Tanga jina lake likawa namba, ndiyo asili ya manamba. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30 za kazi, na siku asiyomaliza kipimo chake cha mkonge haikuhesabiwa.

Wenyewe hawakuficha. Mwaka 1913 Belfield, gavana wa Kenya, alisema hadharani kwamba kodi ndiyo njia pekee ya kumlazimisha Mwafrika atoke kwao akatafute kazi. Ukisikia mtu anasema babu zetu walikwenda mashambani kwa kupenda maendeleo, mtajie jina hilo.

Lakini kodi hizo ndizo zilijenga shule, reli na barabara. Tuwe wakweli. (Msomaji, Nairobi)

Tuwe wakweli basi. Walowezi wa Kenya walipowekewa kodi ya mapato walipiga kelele, ikafutwa 1922, isirudi hadi 1937. Machi ya 1922 hiyohiyo, watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe, yeye aliyelalamikia kodi na kipande, ambacho Kenya kilikuwa kitambulisho cha lazima, walipigwa risasi. Ukishaona nani alisikilizwa, kaangalie reli ilipita katika mashamba ya nani.

Kuna mahali walikataa kodi bila vita wakashinda? (Msomaji, Moshi)

Jirani zako tu. Mwaka 1945 Wapare walikataa kodi ya mbiru, iliyopanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya mtu kama wakubwa walivyoikisia. Walishuka milimani kwa maelfu wakapiga kambi Same, wakitaka kulipa kodi ya kawaida, ile tu. Akina mama nao wakamkabili ofisa wa Kizungu: ama amalize shauri, ama awazalishe yeye, maana waume zao amewashikilia. Mbiru ikafutwa. Nashangaa mtu wa Moshi ananiuliza mimi.

Kodi ya maendeleo nayo ilikuwa ya mkoloni? Ilifutwa lini? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ilikuwa yetu wenyewe, na ilifutwa 2003. Ila namna ya kuikusanya tulirithi. Mgambo walikuja alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, na aliyekosa stakabadhi aliondoka na kamba mkononi au mbuzi wake akaondoka badala yake. Baba yangu msimu wa kodi alilala shambani, juu ya dungu la kulindia nguruwe, na mimi ndiye niliyempelekea ugali nikiwa nimeuficha kwenye debe la maji.