Usimchague paka kwa alivyo sebuleni

Kwa miezi minne Mawingu alikaa chini ya rafu ya mwisho, nyuma ya boksi la viatu. Wageni waliingia, wakacheza na wale paka wanaokimbilia mlangoni, wakapiga picha, wakaenda zao. Usipopiga magoti ukainama mpaka shavu likaguse zulia, hungejua kwamba mle chumbani mna paka wa tisa.

Nitaeleza kwanza hapa ni wapi. Naishi mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, na huu ni mwaka wa tano najitolea kwenye sebule ya paka. Ni chumba kimoja kikubwa chenye makochi, rafu za kupandia na madirisha mapana, na ndani yake paka waliookotwa mitaani au walioachwa na wenyewe wanaishi huru badala ya kufungiwa vizimbani. Mgeni analipa kidogo, anakaa saa moja, na akipendezwa anaomba kumchukua paka wa kwenda kuishi naye. Mikahawa ya namna hii ilianzia Taipei mwaka 1998, ikashika kasi Japani, na hapa Marekani wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa Oakland, California, mwaka 2014. Yetu hata chai hatupiki, kwa sababu sheria za afya hazitaki jiko likae pamoja na wanyama. Na hakuna anayelipwa mshahara. Anayeosha vyombo, anayesafisha maboksi ya mchanga ambamo paka hujisaidia, anayepokea simu, wote tunajitolea.

Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo kwenye simu.

"Yaani watu wanatoa pesa waende wakakae na paka?"

"Wanatoa, mama."

"Na hapa Kibokoni wamejaa barazani, mtu hawatupii hata kichwa cha samaki."

Maneno yale yalinichoma, maana ni kweli. Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, na paka kwetu ni wa mtaa mzima, yaani hana mwenyewe. Bibi yangu alikuwa akiwawekea mabaki ya dagaa kwenye kifuu, na ukimfukuza paka mbele yake atakukumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Ninapobadilisha mchanga saa kumi na mbili asubuhi, nje theluji imejaa, huwa namkumbuka bibi na kile kifuu chake.

Sasa nirudi kwa Mawingu, kwani yeye ndiye aliyenifundisha jambo ninalotaka kukwambia wewe unayefikiria kuchukua paka: usimpime kwa alivyo sebuleni. Sebule humpendelea paka jasiri. Fikiria chumba chenye paka wenzako wanane usiowajua, harufu za watu wageni kila saa, watoto wanaochekelea, mlango unaofunguka na kufungwa. Paka aliyezoea watu tangu akiwa na wiki mbili mpaka saba, umri ambao ubongo wake hujifunza nani wa kumwamini, atajitokeza tu. Asiyepata bahati hiyo, au aliyefiwa na bibi kizee aliyeishi naye miaka kumi, atatafuta shimo. Haimaanishi kwamba ni mkali au hapendi watu. Maana yake ni kwamba chumba kile si chake.

Na kinyume chake pia hutokea. Yupo paka nyota wa sebule, anayerukia kila paja, watu wakampigania. Akafika kwenye nyumba ya mtu mmoja anayefanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, akalia mlangoni wiki nzima kwa kukosa wenziwe. Alirudishwa. Angechukuliwa pamoja na rafiki yake wa sebuleni, naamini mambo yangekuwa mengine.

Kwa hiyo ukienda, usiulize "yupi mzuri?" Mtafute mtu wa zamu ya asubuhi, yule anayewaona paka kabla wageni hawajaingia, umuulize: huyu hufanya nini chumba kikiwa kimya? Hula na nani? Amewahi kumpiga mwenzake? Nenda mara mbili tatu, kwa saa tofauti. Keti sakafuni. Usimkodolee macho, maana kwa paka kukodolewa ni vitisho. Mtazame, kisha ufumbe macho taratibu na uyafumbue, halafu ungoje. Akikufumbia yake, amekujibu.

Mawingu nilimleta kwangu kama mlezi wa muda. Mpango wetu ni huu: paka anabaki kuwa wa kikundi chetu cha kujitolea, wewe unampa nyumba mpaka apone, akue au atulie, halafu anatafutiwa mwenyewe wa kudumu. Nilimweka bafuni. Chumba kidogo, dirisha moja, boksi la mchanga pembe hii, chakula na maji pembe ile, na boksi la katoni lililokatwa mlango ili apate pa kujificha palipo salama, ambapo mimi naweza kumwona.

Siku tatu za kwanza sikuona ila macho mawili. Alikula usiku nikilala. Siku ya nne nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikaikalia, nikampigia simu dada yangu aliye Malindi. Tukaongea saa nzima, bei ya nyanya, harusi ya binamu, na mimi simtazami kabisa paka. Katikati ya mazungumzo nikasikia sauti ndogo ya kutafuna. Alikuwa anakula, mgongo amenigeuzia, masikio kaelekeza kwangu. Nikaendelea kuongea kwa sauti ileile, moyo unanidunda. Tangu hapo kila jioni nilikalia ndoo ile nikapiga simu. Siku ya kumi na moja alitoka kwenye boksi, akanusa ukingo wa dera langu, akalaza kidevu juu ya mguu wangu. Kidogo tu, labda pumzi tano, akarudi. Wiki ya tano alikuwa anatembea ukumbini mkia umesimama wima kama bendera, na nilipowapelekea wenzangu video akigaragara kwenye zulia, mmoja alinipigia kuuliza kama ni paka yuleyule.

Sebule peke yake isingeweza kufanya hivyo hata kwa mwaka. Inahitaji bafu za watu. Ndiyo maana kila mara nasema kikundi kisicho na walezi wa muda ni chumba tu chenye makochi.

Yale ya chumba kimoja sikuyajua tangu mwanzo. Paka wangu mwenyewe, Kashata, nilimchukua kwa furaha kubwa, nikafika nyumbani nikafungua tenga katikati ya sebule nikamwambia, karibu, nyumba ni yako. Alipotea. Tulimtafuta mpaka usiku wa manane. Alikuwa ameingia nyuma ya mashine ya kufulia, akapanda kwenye uwazi ulio juu ya dari ya chini, na akakaa humo siku mbili bila kula. Sikujua wakati ule kwamba paka kukaa bila kula siku mbili si jambo la kungoja. Mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliharibu, hasa akiwa mnene. Tulimtoa kwa tuna ya kopo na machozi. Tafadhali, mwanzishe kwa chumba kimoja. Wenzangu wana hesabu ya tatu tatu: siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ndipo ajue hapa ni kwao. Si sheria, wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa, ila imeokoa paka wengi wasirudishwe siku ya tano na mtu anayesema "hanipendi."

Kama una paka mwingine, usiwakutanishe ana kwa ana. Waache wanusane chini ya mlango, badilishana mashuka yao ya kulalia, uwalishe kila mmoja upande wake wa mlango uleule. Wiki moja, mbili. Ukiharakisha wakapigana, utatumia miezi kurekebisha.

Vitoto vya kunyonyeshwa kwa chupa nataka nivizungumzie kwa uangalifu, maana watu huviona kwenye simu na kuvitamani. Msimu wao huku ni tangu Aprili hivi mpaka Oktoba, na ndipo vituo vya wanyama hufurika. Kitoto huzaliwa na uzito wa karibu gramu 100 na kinatakiwa kuongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku. Utahitaji mizani ya jikoni na daftari. Maziwa ni ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Ya ng'ombe yatamharisha, na kuhara kwa kiumbe kidogo vile ni kifo. Ananyonya akiwa amelalia tumbo kama angekuwa kwa mama yake, kamwe usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Baada ya kunyonya unampangusa nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ndipo apate kujisaidia, kwani hawezi mwenyewe. Wiki ya kwanza ni kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Na kabla ya maziwa, joto. Kitoto cha baridi hakinyonyeshwi, kwanza unakipasha moto taratibu.

Nililetewa wanne. Mdogo wao, mwenye baka jeupe kidevuni, siku ya sita hakuongezeka. Siku ya saba alipungua gramu nne. Daktari alimwona, tukafanya tulichoambiwa, nikamweka kifuani ndani ya nguo usiku kucha, na alfajiri akaondoka. Nililia hata nikataka kuacha. Mwenzangu mmoja, mama mtu mzima aliyelea mamia, alikuja na chai akakaa nami jikoni, hakusema mengi. Alichukua chupa akawanyonyesha wale watatu. Nakusimulia haya ujue kabla hujasema ndiyo: baadhi hufa, hata kwa mlezi asiyekosea. Ukiona hutaweza, chukua wakubwa. Paka wa miaka minane aliyefiwa na mwenyewe anahitaji mtu, na kulala analala usiku mzima.

Kuna ya nyumbani, nitayapita haraka. Maua ya lili yasiingie ndani kabisa, hata unga wake ukimdondokea manyoya akajilamba unaweza kuua figo. Paracetamol ni sumu kwake, nusu kidonge kinaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka. Vitunguu, vya aina zote, hapana. Mapunye yapo kwa vitoto vingi na yanaambukiza watu, kwa hiyo osha mikono, na kama una mtoto mchanga sema mapema wakupe paka mkubwa mwenye afya.

Kabla ya kutia sahihi, uliza. Nani analipa daktari? Nimpigie nani saa nane usiku? Nikisafiri? Nilipoanza, kikundi kingine nisichokitaja kiliniachia bili ya daktari ambayo tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo tu kwamba wataibeba. Siku hizi naomba maandishi, hata kwa watu ninaowapenda. Kama unapanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi pia. Na chochote kitakachobadilika, usimwondoe paka pasipo kuhasiwa au kufungwa kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hubeba kama siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Hesabu hiyo ndiyo inayojaza Kibokoni, na ndiyo inayojaza Ohio.

Msomaji aliye nyumbani asidhani haya ni ya huku tu. Walio Nairobi wana KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama, ambao hupokea wanyama walioachwa na kuwatafutia nyumba. Lamu ipo zahanati inayowafunga kizazi paka wa mitaani. Sebule yenye makochi si lazima. Mlango unaofungika, katoni na mtu mwenye subira vinatosha kumlea mmoja.

Watu huniuliza unawezaje kuwaachilia. Mawingu alichukuliwa na mzee mmoja aliyestaafu, mjane, aliyeona ile video. Alipokuja, hakumfuata. Aliketi sakafuni, ikamchukua muda kushuka maana magoti yanamuuma, akaegemea ukuta, akaanza kunisimulia habari za bustani ya marehemu mkewe. Aliongea dakika arobaini bila kunyoosha mkono. Mawingu alitoka, akamzunguka mara mbili, akalala karibu na kiatu chake. Nililia garini, ndiyo. Kisha nikaenda nyumbani nikaosha bafu kwa sabuni, nikafua mashuka, nikakata mlango kwenye katoni mpya.

Sasa hivi mle bafuni wamo watatu waliokuja Jumapili. Mkubwa ana gramu 520, mdogo 410, na wote wanatakiwa kufika karibu 900 kabla ya upasuaji. Wa katikati bado anajificha nyuma ya choo. Ndoo nimeshaigeuza, na dada yangu anasubiri simu.