Spika za darini: umeme ubaki chini

SWALI: Shikamoo fundi. Tunamalizia nyumba Tabata Segerea, na wiki ijayo sebule inapigwa jipsamu. Baba watoto amenunua Kariakoo spika mbili za kufunga darini, zile za Bluetooth. Moja ina waya wa umeme wenye plagi, nyingine ina nyaya mbili nyembamba tu. Fundi anataka kukata plagi, aunge waya kwenye laini ya taa huko juu, kisha afunge tepu. Anasema spika hazili umeme. Mimi roho inasita. Nimwache aendelee?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usimwache.

Kwamba spika hazili umeme, hapo fundi wako amesema kweli. Soma kibandiko cha nyuma: ikiandikwa wati 40, kwa umeme wetu wa volti 230 haifiki hata robo ampea, na breka ya taa ya ampea 10 inabeba wati 2,300. Laini haitalemewa. Hofu yangu iko kwenye ile plagi anayotaka kuitupa.

Ndani ya plagi ya pini tatu za bapa mna fyuzi. Kwa kifaa kidogo kama hiki inatakiwa iwe ya ampea 3, kwa sababu waya wake ni mwembamba. Ukiwa wa milimita za mraba 0.5, uwezo wake ni hizo ampea 3 basi. Ukikata plagi umeondoa na fyuzi. Kinachobaki kuulinda waya ule ni breka ya ampea 10 kule kwenye bodi. Sasa amplifaya, yaani kikuza sauti kilichomo ndani ya spika yenye plagi, iharibike, ianze kuvuta ampea 7: breka haitajikata, maana kwake huo ni mzigo wa kawaida. Waya utachemka juu ya dari, kando ya mbao za paa, na nyinyi mko chini mnatazama taarifa ya habari. Hiyo tepu nayo, kwa joto la chini ya bati hapa Dar mwezi wa Februari, gundi yake inalainika na kuachia. Panya sijawataja.

Tena waya unaofika kwenye taa kwa kawaida umeshapita kwenye swichi. Mkizima taa, muziki unakatika. Na kama mwisho wa waya wenu kuna adapta nene kama ya chaja, kuikata ni kuingiza volti 230 kwenye kifaa kinachotaka volti chache tu. Spika itakufa siku hiyo hiyo.

Ningekuwa mimi, ningezirudisha dukani kama wanakubali, nichukue spika mbili za darini zisizo na amplifaya ndani. Amplifaya ikae kwenye kabati la TV, ichomekwe kwenye soketi ya kawaida, mahali unapoweza kuigusa, kuizima na kuipeleka kwa fundi. Juu zipande nyaya za spika peke yake. Kila spika ishushiwe waya wake mpaka kwenye amplifaya. Ukiunganisha spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) sambamba kwenye tundu moja zinakuwa omu 4, na amplifaya ndogo nyingi haziwezi hilo. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha: kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.23, hautausikia. Lakini uwe wa shaba kweli. Kwangua kwa wembe kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Nyaya hizo zikae kama sentimita 30 mbali na za umeme, na zikikutana zikatane msalaba, zisitembee pamoja, msije mkasikia mngurumo muziki ukiwa chini.

Dukani wakikataa, mbaki nazo, ila kwa utaratibu huu. Fundi avute laini kutoka kwenye soketi, siyo taa, kwa waya wa 2.5 pamoja na wa ethi, ndani ya paipu. Ipite kwanza kwenye swichi yenye fyuzi ya ampea 3, ukutani, mkono unapofika. Kutoka hapo ipande hadi soketi iliyofungwa imara juu ya dari, spika ichomekwe kwa plagi yake ile ile. Ile spika ya pili haihitaji umeme kabisa. Nyaya zake mbili zinakwenda kwa mwenzake. Jipsamu ikatwe kidirisha cha kufunguka karibu na soketi, la sivyo siku ya hitilafu mtabomoa dari.

Muulize pia fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa heshima, mbele ya baba watoto. Kabla jipsamu haijafungwa, washeni muziki saa nzima, zimeni taa, washeni tena, msikilize. Kisha piga picha kila waya ulipopita, futi kamba ikiwa imenyooshwa pembeni ili vipimo vionekane.